Jina la Mtungi

Kitendawili!

Mbona kimya? Semeni "tega", msiniache na mdomo wazi. Haya. Nyumbani kwetu yupo mama mnene, hatembei, halimi, hashiki hata ufagio, lakini kutwa nzima anatoka jasho.

Mgonjwa wa homa? Siye, huyu mzima. Mke wa tajiri? Chekeni tu, naye siye. Nipeni mji basi. Singida? Singida mbona ndiyo kwangu, mnanipa kitu changu mwenyewe! Nipeni Dodoma. Haya, nimefika Dodoma, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni mtungi wa maji. Mtungi mzuri wa udongo hutoka jasho, na jasho lile ndilo linaloyapoza maji hata mwezi wa kumi, jua linapotaka kupasua mawe.

Huyo mama mnene ndiye aliyekuwa mbele ya Evodia siku ile, jua halijafika utosini. Mtungi ulikuwa kwenye kona ya chumba cha kati, umezikwa nusu ndani ya mchanga, na Evodia alikuwa amepiga magoti akiuchimbua kwa jembe lililokatika mpini. Nyumba ilikuwa tupu. Alichimba kidogo kidogo, akizunguka, akiogopa kuugonga. Kila akitua kupumua alitazama mlangoni, kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

Maana alichokuwa akikifanya hakifanywi.

Ngojeni niwaeleze, msinikimbize. Evodia ni mfinyanzi. Huku Unyambwa ukiingia nyumba yenye mtungi ukaomba maji ya kunywa, basi ujue mtungi ule umepita mikononi mwake. Udongo anaufuata mwenyewe bondeni. Anausaga pamoja na vigae vya vyungu vilivyovunjika, kwa sababu udongo mtupu hupasuka motoni; lazima uchanganywe na kitu kilichokwisha kuungua. Anafinyanga, anaanika kivulini, anachoma kwa samadi kavu ya ng'ombe. Chungu kikishapoa anakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kilicho kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukohoa. Na ule moshi wa samadi, mwaka baada ya mwaka, umemfanya macho mekundu. Macho mekundu kwa mwanamke mzee ni mzigo, nyie mnajua. Wapo watoto wanaomkimbia njiani.

Jirani yake Anastazia hakumkimbia, yeye alimtania. "Mama Naftali, vyungu vyako vinaolewa upesi kuliko binti zangu."

"Binti zako wana ufa," Evodia alimjibu. "Wagonge usikie."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kila mnunuzi aliondoka na mtungi pamoja na maneno yale yale: "Usinywee leo. Usugue kwa majivu, umwagie maji yanayotokota, uuanike juani ukauke kabisa. Halafu kila Jumamosi urudie hivyo hivyo. Mtungi ni kama mtu, usipooga unanuka." Watu waliyashika maneno hayo.

Lakini mtungi wa nyumbani kwake hakuufinyanga yeye. Aliukuta. Siku aliyoletwa bibi harusi katika nyumba ile, mama mkwe wake alimshika mkono, akampeleka kwenye ile kona, akakiweka kiganja cha mkwewe juu ya tumbo la mtungi. Lilikuwa baridi, limelowa.

"Huu haukauki," alimwambia. "Maji yakipungua, unaongeza juu ya yaliyomo. Haya ya chini yapo tangu msiba wa mwisho, kabla hujaja. Siku ukigeuzwa mdomo chini pale mlangoni, watu watajua kuna maiti. Na anayeugeuza ndiye anayeupa jina. Unalitaja jina la aliyekufa kwa sauti, wasikie mpaka njiani. Ukiugeuza usiupe jina, utajitafutia wenyewe."

Ni desturi ya ukoo ule. Msiende kuuliza kwa majirani, kwingine hamtaikuta.

Evodia aliishika. Aliugeuza alipokufa mama mkwe, akaugeuza alipokufa mume wake. Na mwaka jana, kiangazi, aliugeuza kwa ajili ya Elina.

Elina alikuwa mtoto wa kwanza wa Naftali, mwana wa Evodia, na mkewe Eliza. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, ana maneno kuliko bibi yake. Likamshika tumbo. Lilianza kama chango la kawaida. Evodia akamchemshia mizizi, akapata nafuu, likarudi. Kisha ikawa damu na kamasi, mtoto anakimbilia chooni hata pale alipokuwa hana tena cha kutoa. Wakasema kesho tutampeleka. Kesho ilipofika mikono yake ilikuwa baridi kama mtungi wenyewe, na bodaboda waliyoipata iligeuzia njiani.

Aliomba maji mpaka mwisho. Evodia ndiye aliyekuwa akimchotea.

Wanaume wakauchimbua mtungi, maji yakamwagwa, ukageuzwa mlangoni. Evodia akataja jina. Ukakaa pale juani matanga yote, jasho likaisha, ukapauka ukawa mweupe kama mfupa. Siku zile walikunywa maji ya ndoo waliyoletewa na majirani. Matanga yalipoanuliwa, Evodia akaenda kisima cha ukoo kule bondeni, kile kisichofunikwa, ambacho ng'ombe nao hutia midomo yao, akaleta maji ya kuanzia. Maji ya kuanzia, kwa desturi ile, hayapitii moto. Naftali akaondoka kwenda machimboni kutafuta kibarua. Nyumba ilimshinda kukaa.

Sasa kulikuwa na jambo moja Evodia aliliona, akalipita. Alute, mdogo wake Elina, naye tumbo lilikuwa likimsumbua kabla ya msiba. Wakati wa matanga likatulia. Mashavu yakarudi, akaanza kufukuza kuku. Evodia alijiambia kifo kimeshiba, kimepata kilichokuwa kinakitafuta. Akashukuru kimoyomoyo, kisha akaona haya kwa kushukuru.

Alizeti zilipoanza kuinamisha vichwa shambani, Alute akaharisha tena.

Safari hii hawakungoja. Walimpeleka zahanati, wakapewa dawa, wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa. Alipoanza kucheza wakaona kapona, vidonge vilivyobaki wakaviacha kwenye kikombe. Ugonjwa ukarudi. Wakapewa dawa nyingine, wakagombezwa, na mara hii Eliza alimnywesha hadi kidonge cha mwisho, mtoto akilia kwa uchungu wake mdomoni. Akapona. Alichimba choo kipya Eliza, yeye na kaka yake. Alitundika kibuyu chirizi na sabuni kando yake. Alichemsha maji hadi majirani wakamcheka kwamba anamaliza kuni kupika mboga isiyoonekana. Yakishapoa aliyamimina mtungini, juu ya yaliyomo, kama alivyofundishwa.

Ugonjwa ukarudi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nani anaanza maneno? Hakuna ajuaye. Yanaota tu kama magugu. Kwamba nyumba ile ina mkono wa mtu. Kwamba watoto hawaishi pale. Kwamba kuna macho mle ndani, mekundu. Anastazia aliacha utani. Na Evodia aliona kwamba siku hizi Eliza anamkorogea mtoto uji mwenyewe, na akitoka kwenda kuchota maji anamfunga mgongoni, hamwachi na bibi yake.

Asubuhi ya siku ile ninayowaambia, Alute aliamka hawezi kukaa. Wakaenda zahanati wote watatu, Eliza amembeba, Evodia nyuma.

"Shikamoo, bibi," alisema muuguzi, binti mmoja anaitwa Rukaiya.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu si Alute tena?" Rukaiya alikwishaanza kumfungua kanga. "Ameanza lini?"

"Juzi," alisema Eliza. "Jana ikawa na damu. Leo hata machozi hatoi."

"Dawa zile alimaliza?"

"Alimaliza zote, nesi. Hata kikombe nilikisuuza nikamnywesha."

"Maji mnachemsha?"

"Nachemsha! Mpaka yanarukaruka. Muulize mama huyu. Nachemsha, tunanawa, choo tumechimba. Sasa niambie wewe uliyesoma, huyo mdudu anaingilia mlango gani?"

Rukaiya alikuwa anamnywesha Alute maji ya dawa ya kuharisha kwa kijiko, tone baada ya tone. "Tunamwita amiba," alisema. "Kwa macho haonekani. Akitoka kwa mtu anajivika ganda, kama mbegu ya alizeti. Analala kwenye maji ya baridi wiki nyingi, anasubiri tumbo. Maji yakitokota anakufa. Na ana tofauti moja na mbegu ya alizeti: huyu ukimkausha kabisa juani, hafufuki." Akainua kichwa. "Yakishapoa mnayaweka wapi?"

"Mtungini."

"Huo mtungi mnauosha?"

Eliza akamtazama Evodia. Mkamwana hazungumzii mtungi wa mama mkwe mbele ya watu, hata mbele ya nesi.

"Unafutwa," alisema Evodia. Wala hakudanganya. Kila asubuhi aliufuta jasho kwa kitambaa, kwa nje.

Rukaiya alifungua mdomo kuuliza zaidi, kisha akaacha. Alikuwa ameibana ngozi ya tumbo la Alute kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama, kijikunjo kidogo, pale pale vidole vilipoiacha.

Evodia aliona. Maisha yake yote amebonyeza udongo na kutazama kama unashika. Udongo ukishika alama ya kidole, unafaa, utasimama, utakuwa chungu. Lakini mtoto si udongo. Mtoto hatakiwi kushika umbo.

"Nendeni hospitali mjini," alisema Rukaiya, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Sasa hivi. Msipitie nyumbani. Njiani umnyweshe haya, kijiko, kijiko, hata akitapika umpe."

Bodaboda ilichukua wawili, Eliza na mtoto. Simu ya nyumba ile ni moja, nayo ilikuwa kifuani kwa Eliza. Evodia alibaki kando ya barabara akiwatazama mpaka vumbi lilipotua. Kichwa cha Alute kilikuwa kinalala huku na huku begani kwa mama yake.

Akarudi kwa miguu. Alipofika alikuwa na kiu ya kukauka ulimi, akachukua kibuyu cha kuchotea, akainama mtungini. Maji yalikuwa yamepungua, Eliza hakuwahi kuongeza. Kibuyu kikagusa chini, na kikapandisha kitu laini.

Akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Lilikuwa tope, jembamba, linateleza, kama matope ya udongo anayonawa mikononi jioni, ila hili lilikuwa na harufu. Hakuwahi kupaona chini, ndani ya mtungi ule. Nani angepaona? Haukauki.

Alikaa kizingitini na kibuyu mapajani. Kiu ilikuwa imemwacha.

Akayapanga taratibu, kama anayepanga vyungu shimoni kabla ya moto, kila kimoja na nafasi yake. Eliza anachemsha, mdudu anakufa. Kisha maji yale safi anayamwaga wapi? Juu ya haya. Na haya yametoka kisimani hayajaona moto, akayaleta yeye mwenyewe kwa mikono yake, akiwa amejifunga kanga nyeusi. Na tangu hapo kila mkono wa nyumba umezama humu. Baridi, kivuli, kimya. Mahali pazuri pa kulala mbegu.

Halafu akakumbuka mashavu ya Alute wakati wa matanga. Akakumbuka mtungi mweupe kama mfupa juani. Siku zile zilikuwa ndizo siku pekee ambazo hakuna aliyekunywa kutoka humu.

Kifo hakikuwa kimeshiba. Kilikuwa kimekaushwa tu, naye akakirudishia maji.

Ndiyo akaenda kutafuta jembe.

Mwaka jana ilikuwa kazi ya wanaume wawili. Leo alikuwa na magoti yake mabovu na mikono ya mfinyanzi. Alichimba mchanga mpaka kitako kikacheza, akaukumbatia, akauegemeza kifuani. Maji yakamwagika sakafuni, yakamlowesha mapaja, na ile harufu ikajaa chumba. Akauviringisha kuelekea mlangoni, ukingo kwa ukingo, anauongelesha kama mtu anayemsaidia mgonjwa kwenda uani. "Twende. Twende mama. Bado kidogo." Kwenye kizingiti ulimshinda. Akalala chini akausukuma kwa miguu. Nje, akayatokotesha upya maji yaliyobaki kwenye sufuria ya Eliza, akaumwagia, akausugua ndani kwa majivu na gunzi la mahindi, mkono umezama hadi begani, shavu limelala mdomoni mwa mtungi.

Kisha akaugeuza, mdomo chini.

Angeweza kuuegemeza ukutani, mtasema. Hata mimi nimesema. Lakini mtungi wenye kitako cha mviringo hausimami ukiwa mtupu, na ukiulaza ubavu unapasuka kwa uzito wake. Unakaushwa kwa namna moja, na namna hiyo ndiyo namna ya msiba. Aliugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kengele, ndefu, safi, mpaka kuku wakainua vichwa. Tangu matanga ya mwaka jana ulikuwa umejaa. Mtungi uliojaa hauongei.

Na mlio ule ulipokufa ndipo alipomsikia mama mkwe. Ukiugeuza usiupe jina, utajitafutia wenyewe.

Hakuwa na jina.

Alikaa karibu nao. Mjini, kwenye kitanda asichokijua, Alute alikuwa hai au hakuwa hai. Angesema nini? Aseme hakufa mtu? Hilo si jina, hiyo ni njia uliyoiacha wazi. Akafikiri kulitaja la kwake mwenyewe. Alilifikia hasa, alikwishavuta pumzi.

"Hodi hapa! Mama Naftali, nimekuletea ungo wako, usije ukasema nimeuiba..."

Anastazia alisimama. Ungo ukamponyoka, ukaviringika peke yake mpaka ukagusa mtungi, ukalala.

"Nani amekufa?"

Evodia akamtazama.

"Mama Naftali. Nani amekufa?" Na kwa vile hakujibiwa, na kwa vile alijua nani katoka asubuhi amebebwa, Anastazia akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Mnajua yowe la kwetu linavyokwenda. Linaruka uzio hadi uzio. Jua halijasogea sana, wanawake wakawa uani na kanga kiunoni, huyu na kuni, huyu na unga, huyu na ndoo ya maji kichwani. Wanaume wakaleta viti vyao na kuvipanga ukutani. Kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda. Walimlilia Alute kwa jina.

"Msimwite hivyo," alisema Evodia, lakini nani angemsikia.

"Simu ya Eliza haipatikani," alisema mmoja.

"Atapokeaje? Mtu aliyepakata maiti anapokea simu?"

Kisha akaja mzee Gerald, shemeji yake Evodia, mkubwa wa ukoo, na watu wakapunguza sauti. Hakukaa. Alisimama mbele ya mtungi, akavua kofia.

"Shemeji, poleni."

Evodia alikuwa anakwangua majivu kwenye kucha.

"Mtungi umeugeuza wewe?"

"Nimeugeuza mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi taja jina, tujue tunamlilia nani."

Kuku mmoja alikuwa anadonoa gunzi lenye majivu.

"Hospitali wamekupigia?"

"Sina simu mimi."

"Mtu amekuja kukwambia?"

"Hajaja mtu."

"Sasa umejuaje?" Na mzee Gerald akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekanyaga kitu. "Evodia. Yule mtoto yu hai?"

"Sijui," alisema. Ndiyo ilikuwa kweli yake yote.

Vilio vilikatika kimoja kimoja. Wanawake walitazamana, kisha wakamtazama yeye, macho yake, majivu kwenye mikono yake mpaka begani. Mmoja aliokota ndoo yake ya maji, akaiweka tena kichwani.

"Umemwita," alisema mama mmoja kutoka nyuma, taratibu, karibu kwa upole. "Mtoto mzima umemgeuzia mtungi."

"Jamani, labda Mama Naftali kachanganyikiwa," alisema Anastazia. Lakini hakusogea karibu.

Alitaka kuwaambia. Maneno alikuwa nayo: ganda, mbegu, maji ya baridi, tope. Lakini yale yalikuwa maneno ya chumba chenye picha ukutani na binti aliyevaa nguo nyeupe. Hapa uani, mbele ya watu waliokwishajifunga kanga kwa ajili ya mtoto, hayakuwa na miguu. Na hata yangesimama, yangemwongoza kwenye kile kibuyu alichomnyweshea Elina, mtoto wa watu anasema bibi naomba tena, naye anachota, anampa tena.

Jua likaupiga mtungi. Duara la majimaji lililokuwa chini ya mdomo wake lilikuwa linarudi nyuma kutoka ukingoni, polepole. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyekaa.

Mlio wa bodaboda ukasikika kwenye kona ya shamba la alizeti.

Alikuwa Eliza, mgongo mtupu. Alikuwa amemwachia mtoto dada yake anayekaa mjini, dripu inaingia, amekuja mbio kuchukua kanga na beseni na unga wa uji, simu imezima chaji tangu asubuhi. Hayo waliyajua baadaye. Wakati ule waliona tu mgongo mtupu. Na Eliza, kutoka njiani, aliona viti vya wanaume ukutani kwake, wanawake wamejifunga, na mtungi umegeuzwa mlangoni. Pikipiki ilikuwa haijasimama alipojirusha.

Watu walimpisha. Alikuja akitembea katikati yao kama anayetembea ndani ya maji, akifikiri, nadhani, kwamba habari imempita njiani, kwamba kuna mtu amepiga simu akamwambia bibi kabla ya mama. Anastazia akamnyoshea mkono, Eliza akaukataa, akaja mwenyewe mpaka mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti upande wa pili wa mtungi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Mama," alisema. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto anayeuliza kitu gizani. "Nimemwacha anapumua. Nimemwacha sasa hivi. Mama, nani amekufa?"

Evodia aliweka kiganja juu ya kitako cha mtungi. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa cha moto, kama chungu kinachotolewa kwenye samadi, hakina tena tone la jasho. Akamtazama mkwewe machoni, kwa yale macho yake mekundu, na akavuta pumzi kama anavyotakiwa kuvuta mtu anayetaja jina, ili wasikie mpaka njiani.

"Elina," alisema.